Bajaji, daladala, stesheni au gari la shule: kazi ipi ya kusafirisha watu wenye ulemavu inakufaa hapa Dodoma?

Siku hizi nakutana sana na vijana, na wakina dada pia, wanaotaka kuingia kwenye kazi ya usafiri lakini wanataka iwe ile ya kubeba watu ambao magari ya kawaida yanawaacha kituoni. Wengine nyumbani wana mdogo wao anatumia kiti mwendo, wengine wamelea bibi asiyeona, wengine wao wenyewe wana ulemavu na wamechoka kuachwa. Wote wanauliza swali moja, nianzie wapi, ninunue bajaji, nitafute ukonda, niombe kazi kwenye treni ya SGR, au niende kwenye zile shule na vituo vyenye gari lao?

Mimi kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuwatafutia usafiri watu wenye ulemavu hapa mjini, nampigia dereva huyu, naongea na konda yule, nafuatilia kama mzee amefika kliniki, kwa iyo hizi kazi nne naziona kila siku kwa upande wa anayebebwa na kwa upande wa anayebeba. Zote zina uhitaji mkubwa. Ila zinataka watu tofauti kabisa, na mtu akiingia sehemu isiyomfaa anaacha mapema, afu anayeumia ni abiria ambaye alikuwa ameshamzoea, ameshamwelekeza jinsi ya kumshika, ameshapanga siku zake za hospitali kwa kumtegemea yeye. Ndo maana naomba usome yote kabla hujaamua.

Kwanza elewa mji wenyewe. Tangu Serikali itangaze kuhamia hapa 2016 na Dodoma ikawa jiji 2018, mji umetanuka vibaya mno, Mtumba kuko kule, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Hospitali ya Benjamin Mkapa upande mwingine, stendi kuu ya mabasi imeenda Nanenane. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki saba na nusu kwenye jiji hili. Mtu anayekaa Nkuhungu na kliniki yake iko Mkapa anavuka mji mzima, na akiwa kwenye kiti mwendo hakuna daladala itakayomchukua kirahisi. Ongeza mchanga, vumbi, na yale makorongo ambayo mvua ikinyesha kuanzia Desemba barabara za mtaani zinakatika. Huo ndo uwanja wako wa kazi.

Kwenye sheria hatujambo. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na mwaka mmoja kabla yake nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao unataja usafiri waziwazi kwamba uwe unafikika. Kinachopungua ni watu wa kuufanya uwe hivyo pale mlangoni mwa gari.

Vya kuangalia kabla ya kuchagua

Kila kazi nitaipima kwa mambo haya haya matano ili usije ukaona napendelea upande. La kwanza kuingia, yaani mtaji, leseni na makaratasi. La pili hela, inaingiaje na lini, kila siku au mwisho wa mwezi. La tatu mwili na masaa, maana hii kazi ina kuinua watu na ina mgongo ndani yake. La nne abiria, unakuwa karibu nao kiasi gani, ni wale wale kila siku au ni wapita njia. La tano ni ugumu ambao hauambiwi mpaka umeshaingia. Mwisho wa kila moja nasema inamfaa nani.

1. Bajaji yenye wateja wa kudumu

*Kuingia.* Njia ni tatu, ununue yako, uchukue ya tajiri, yaani mwenye chombo, kwa hesabu unayompelekea kila siku, au uingie mkataba ambao unalipa kidogo kidogo mpaka chombo kinakuwa chako. Unahitaji leseni ya udereva inayoruhusu magurudumu matatu, bima, na leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kama huna mtaji kuna ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Nasisitiza hiyo 2 kwa sababu wenye ulemavu wengi sijui kwa nini hawaifuatilii na iko kisheria kwa ajili yao.

*Hela.* Inaingia kila siku na hilo ndo tamu lake. Lakini ukiwa na chombo cha tajiri jua kwamba hesabu haisubiri, na trip ya mtu mwenye ulemavu inachukua muda. Kumpandisha, kumshusha, kumsubiri kliniki, muda huo mwenzako kijiweni ameshabeba vichwa vingi. Wanaoweza ni wale waliopanga bei ya trip nzima mapema pamoja na kusubiri, na wana wateja wa wiki nzima wanajulikana, Jumatatu mama wa mazoezi ya viungo, Jumanne na Alhamisi mwanafunzi wa UDOM, Jumapili mzee wa kanisani. Mi nakuomba kitu kimoja tu hapa, usitoze kiti mwendo kama mzigo. Ile ni miguu ya mtu. Panga bei ya safari, mteja ajue mapema, basi.

*Mwili na masaa.* Hapa nieleze kwa urefu kwa sababu ndo sehemu watu wanaumizana. Chukua mama anatoka hospitali na kiti chake. Dereva anayejua kazi haanzi kwa kumbeba. Anasogeza bajaji mpaka siti ya nyuma ikae karibu kabisa na kiti, anatafuta sehemu yenye ardhi ngumu maana kwenye mchanga kiti kinazama upande mmoja na kinageuka, anafunga breki za kiti pande zote mbili, anakunja vile vikanyagio vya miguu viende pembeni. Halafu anauliza, "Mama, upande upi una nguvu?" Upande huo ndo unaotangulia. Mama anashika chuma cha bajaji mwenyewe, dereva anapiga magoti yake kidogo badala ya kuinamisha mgongo, anamshika kiunoni, kamwe asimvute mikono wala kumning'iniza kwa makwapa maana bega linatoka, wanahesabu pamoja na anazunguka naye hatua fupi mpaka akae. Ndo sasa anakunja kiti, anatoa kwanza ule mto wa kukalia, anakifunga kwa kamba ya mpira kisicheze njiani. Ukifanya hivyo taratibu wala siyo kazi ya nguvu sana. Ukikurupuka utaumiza mgongo wako na utamuumiza na yeye, na mtu ambaye hana hisia miguuni anaweza kuchubuka kwenye chuma asijue mpaka kidonda kimeoza.

Masaa unapanga mwenyewe, ingawa wateja wa kliniki wanataka saa kumi na mbili asubuhi ukiwa mlangoni.

*Abiria.* Ukaribu ni mkubwa kuliko kazi zote hizi nne. Utajua siku ya dawa, utajua nani hapendi kushikwa bega, utajua geti la nani lina ngazi. Wengi watakuita mwanangu. Huo ukaribu unakuja na deni, maana siku usipotokea yule mtu hana namba nyingine ya kupiga.

*Ugumu.* Bajaji haina mkanda wa maana na inarusha, kwa mtu mwenye shingo isiyojishikilia au maumivu ya uti wa mgongo siyo chombo sahihi na inabidi uwe mkweli umwambie. Vumbi la Juni na Julai pamoja na ule upepo wetu linaingia lote. Na ukiumwa wewe hakuna wa kukulipa, kwa iyo jiandikishe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama mtu aliyejiajiri, na tafuta mwenzako mmoja kijiweni umfundishe wateja wako wote ili siku haupo yeye anaenda.

*Inamfaa nani.* Mtu anayeweza kujisimamia, anayeamka bila kuamshwa, mwenye subira na asiyeweza kukaa chini ya bosi. Inawafaa pia watu wenye ulemavu wenyewe. Bajaji nyingi gia, klachi na mafuta vyote viko mikononi, breki kubwa ndo iko mguuni, na mafundi wanaweza kuirekebisha ikaja mkononi. Ukishafanya hivyo ipeleke ikaguliwe na bima iandikwe kwa chombo kilivyo sasa.

2. Daladala, udereva au ukonda

*Kuingia.* Ukonda ndo mlango mwepesi kuliko yote, hauhitaji mtaji, unahitaji sare, mtu wa kukudhamini kwa tajiri na mdomo unaofanya kazi. Wengi wanaanza kama deiwaka, wa kushikia siku moja moja. Udereva ni safari ndefu zaidi, leseni ya madaraja ya C ya kubeba abiria haipatikani bila uzoefu na kozi ya PSV, yaani ya magari ya abiria, vyuo vya ufundi vya VETA na chuo cha usafirishaji NIT ndo sehemu zinazojulikana.

*Hela.* Ya siku, baada ya mafuta na hesabu ya tajiri mnagawana kinachobaki. Siku nzuri ipo na siku ya kulala njaa ipo. Kwa hesabu hiyo kila dakika ni hela, na hapo hapo ndo ugumu wa hii kazi kwa mtu mwenye moyo wa kubeba wenye ulemavu.

*Mwili na masaa.* Alfajiri mpaka usiku, konda umesimama. Kuinua kiti mwendo kwenye Hiace inahitaji watu wawili na mlango ni mwembamba, kwenye Coaster ngazi ni ndefu. Usijidanganye kwamba utabeba kila mtu.

*Abiria.* Hawa ni wengi kuliko kwenye kazi yoyote nyingine, na ndo maana naipa uzito hata kama ni ngumu. Watu wasioona, viziwi, wenye ualbino, wanaotumia magongo, wazee, wote hawa wanapanda daladala kila siku kwa sababu bajaji ya peke yako ni ghali. Na wanachohitaji kwako hakina gharama yoyote. Asiyeona anahitaji umwambie gari linaenda wapi kwa sauti ukiwa karibu yake, umwambie ngazi ziko mbili na chuma kiko kulia, mkono wake uguse chuma, akae, ndo ugonge bodi gari liondoke. Wengi wameanguka kwa sababu bodi iligongwa mguu mmoja ukiwa bado chini. Vituo tamka vyote kwa majina.

Kiziwi tatizo lake liko sehemu nyingine ambayo watu hawaifikirii. Daladala yetu inasimama kwa mtu kupaza sauti "shusha!", sasa yeye anapazaje? Konda mzuri anamuuliza kwa ishara au kwa kuandika kwenye simu, anamkalisha siti ya karibu na mlango, anamgusa bega kituo kikifika. Mwenye ualbino wengi hawaoni mbali kwa hiyo kibao cha mbele hakisomi mpaka gari limeshapita, mwite, na ndani mpe siti ambayo jua halimpigi.

Kitu kingine, ongea na mwenyewe. Konda anamwangalia aliyemsindikiza anauliza "huyu anashuka wapi?" wakati mwenyewe yupo hapo na akili zake timamu. Hiyo inauma watu kuliko hata kuachwa kituoni, wameniambia hivyo wengi.

*Ugumu.* Presha ya dereva, presha ya tajiri, presha ya abiria wanaosema tunachelewa. Utakuwa unajitetea kila siku kwa nini umesimama muda wote huo. Ajira yenyewe haina karatasi, leo upo kesho gari limepewa mwingine.

*Inamfaa nani.* Mchangamfu, asiyeona aibu kupaza sauti, anayeweza kugombana kistaarabu na dereva wake. Na mtu ambaye hana pa kuanzia kabisa lakini anataka kuijua hii kazi kwa mikono yake. Ukikaa ukonda kwa moyo utajua aina nyingi za ulemavu kuliko darasani.

3. Huduma kwa abiria, stesheni ya SGR na stendi kuu

*Kuingia.* Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na uzinduzi rasmi ukawa tarehe 1 Agosti mwaka huo huo. Kazi za TRC, shirika la reli, ni za shirika la umma, kwa iyo unapita kwenye portal ya ajira ya Serikali, unahitaji vyeti, usaili, na subira ya kweli maana waombaji ni wengi. Cheti cha huduma kwa wateja, usafirishaji au utalii kinasaidia, na ukiongeza lugha ya alama unakuwa na kitu ambacho wenzako kwenye foleni hawana. Upande wa stendi na makampuni ya mabasi ni wepesi zaidi, wanaajiri wakata tiketi na wahudumu bila mlolongo huo, ila na mkataba nao unakuwa mwepesi.

Kama una ulemavu kumbuka sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ukiomba andika wazi na useme unahitaji nini ili ufanye kazi vizuri.

*Hela.* Mshahara wa mwezi, michango ya hifadhi ya jamii, bima ya afya, likizo. Mtu mwenye watoto shule anajua uzito wa hivi vitu. Haupandi haraka lakini unaweza kupanga maisha.

*Mwili na masaa.* Shifti, na treni zinaweza kuingia usiku mkubwa. Kuinua watu kupo kidogo kama vifaa vipo, lifti, mteremko, kiti mwendo cha stesheni. Hapa jifunze kuangalia mteremko, kipimo kinachokubalika kwa wengi ni moja kwa kumi na mbili, yaani kupanda sentimita 30 unahitaji mteremko wa mita 3.6. Ukiona mteremko mkali kuliko huo usimsukume mtu peke yako, na kushuka mshushe kinyumenyume.

*Abiria.* Unakutana na mtu mara moja, unampokea getini, unamsindikiza mpaka kwenye siti yake, unamwambia choo kiko wapi, unahakikisha Morogoro au Dar kuna mwenzako anamsubiri. Hiyo ya mwisho ndo roho ya kazi, maana abiria aliyepandishwa vizuri Dodoma akafika akaachwa behewani hajahudumiwa. Asiyeona usimshike mkono ukamvuta, mpe kiwiko chako akishike yeye, utembee nusu hatua mbele.

*Ugumu.* Taratibu. Ukiona kitu kimekaa vibaya huwezi kukibadilisha mwenyewe kesho yake, unaandika, unapeleka kwa msimamizi, unasubiri. Kwa upande wa pili, kikibadilika kinawasaidia maelfu, wakati mimi na dereva wangu wa bajaji tunambadilishia mtu mmoja mmoja. Stendi tatizo ni wapiga debe, wanamvamia asiyeona kila mmoja anamvuta kwake na begi lake, na wewe ndo unatakiwa usimame katikati.

*Inamfaa nani.* Mwenye vyeti, anayependa utaratibu, mtulivu kwenye msongamano, anayetaka kukua kikazi. Kama unahitaji kumjua abiria wako kwa jina na kwa nyumba yake utaona upweke hapa.

4. Gari la shule au kituo cha watoto wenye ulemavu

*Kuingia.* Nafasi ni chache na nyingi hazitangazwi, unapata kwa kujulikana. Shule, vituo vya mazoezi, mashirika ya dini. Dereva anatakiwa awe na leseni ya abiria na rekodi safi. Matroni au msaidizi wa kwenye gari anaweza kuanza bila cheti lakini akiwa na huduma ya kwanza anapokelewa vizuri. Buigiri kwa mfano, pale Chamwino, kuna shule ya watoto wasioona na wanakaa bweni, kwa iyo usafiri wa aina hiyo unakuwa mkubwa wakati wa kufungua na kufunga shule, siyo wa kila asubuhi.

*Hela.* Mwezi kwa mwezi, kawaida siyo kubwa, na kwenye vituo vinavyotegemea wafadhili uliza mapema hela inatoka wapi na mradi unaisha lini. Kama ni mwajiri rasmi wa binafsi NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu yake nusu yako, hakikisha inapelekwa kweli.

*Mwili na masaa.* Asubuhi mapema na alasiri, katikati unapumzika au una kazi nyingine. Watoto wanabebeka wakiwa wadogo, tatizo wanakua, na mama aliyezoea kumbeba mwanae mgongoni mpaka garini atataka nawe ufanye hivyo hivyo. Fundisheni wote mapema kutumia kiti au ubao wa kuhamishia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mwili ukimkaza usimlazimishe kunyooka, mkalishe makalio yaende nyuma kabisa kwanza, funga mkanda wa nyonga, ndo ushughulike na kifua na kichwa. Kama anasafiri kwenye kiti chake kiti kitazame mbele na kifungwe kwenye sakafu sehemu nne, breki za kiti peke yake hazishiki gari likifunga ghafla. Mtoto akipata degedege au kifafa njiani simamisha gari, mlaze ubavu, angalia saa, usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni. Ikipita dakika tano mnaenda hospitali.

*Abiria.* Wale wale, miaka. Unamjua mtoto kabla hajaanza kutamka neno na unakuwepo siku anapotamka. Nimeona dereva mmoja ambaye watoto wake wanaacha kulia wakisikia tu mlio wa lile gari, wazazi wenyewe wanashangaa. Kazi hii ina malipo ya moyo makubwa sana na nasema hivyo nikijua kwamba moyo haulipi kodi ya nyumba.

*Ugumu.* Ruti. Kila mzazi anataka mwanae awe wa mwisho kuchukuliwa na wa kwanza kurudishwa, na mtoto wa Mkonze na wa Ilazo hawawezi kuwa wote wa kwanza. Mtoto asikae garini zaidi ya anavyoweza kuvumilia, huyo asiyeweza kujigeuza ndo apangwe safari fupi, wengine wataelewa mkikaa nao kikao. Na utampoteza mtoto siku moja, wengine afya zao ni dhaifu, hilo litakuja, na siti yake utaiona kila asubuhi. Uwe na mtu wa kuongea naye.

*Inamfaa nani.* Mwenye mapenzi ya kweli na watoto, asiyebadilika badilika, anayeridhika na kipato kidogo cha uhakika. Wakina mama wengi wanaifurahia kwa sababu ya yale masaa ya katikati. Mtu anayewaza kutajirika haraka aiache tu, mapema.

Sasa wewe uko wapi

Kama huna hela hata ya leseni na unataka kuanza wiki hii, ukonda. Chukua kama shule yako, weka akiba ya leseni pembeni, na jifunze kila abiria unayemgusa.

Kama una mtaji au unaweza kuupata kwenye mkopo wa halmashauri na huna hofu ya siku kavu, bajaji. Ila kabla hujanunua tafuta wateja kwanza. Nenda kwenye vyama, CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, CHAWATA ambacho ni chama cha walemavu, chama cha watu wenye ualbino, SHIVYAWATA ambalo ndo shirikisho lao, uliza nani anahangaika na usafiri na anakwenda wapi. Ukishakuwa na watu watano sita wa kila wiki ndo ununue chombo. Na mkataba wa tajiri uwekewe maandishi.

Kama unalea familia na unahitaji mshahara unaojulikana, omba stesheni, na wakati unasubiri usaili usikae bure, jifunze lugha ya alama. Usiache kazi uliyonayo kwa kutegemea jina litoke.

Kama una mgongo mbovu tayari, bajaji ya wateja wa viti mwendo na gari la watoto wakubwa vyote vitakumaliza. Stesheni au ukata tiketi stendi, au bajaji kwa wateja wasioona na viziwi ambao hawahitaji kuinuliwa, na hao ni wengi.

Kama unaweza kufanya asubuhi na alasiri tu, gari la shule. Kuna wanaochanganya, asubuhi matroni, mchana anafanya shughuli zake Majengo sokoni, na inakwenda.

Kama wewe mwenyewe una ulemavu, usianze kwa kuuliza ipi wataniruhusu. Anza na ipi unaipenda, halafu ndo tuangalie kinahitaji kurekebishwa nini, breki, siti, masaa au mwajiri. Kwenye bajaji una ile asilimia 2 ya mkopo, kwenye ajira una ile asilimia 3. Na abiria mwenye ulemavu akikuta dereva au mhudumu naye anatumia gongo, nusu ya maelezo hayahitajiki tena.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, omba kukaa na mtu anayeifanya kwa siku nzima, siyo nusu siku, kuanzia trip ya kwanza ya giza mpaka kuosha chombo jioni. Madereva wengi wanakubali ukiwaambia ukweli kwamba unataka kujifunza. Msalimie mbukwa, panda, kaa kimya mwangalie mikono yake anapompandisha mtu, halafu jioni muulize yule abiria, siyo dereva, nini kingefanya safari yake iwe nyepesi.